Farasi wa Oostduinkerke na taa za Kalundu

Ndugu zangu wahitimu, na ninyi ambao mko bado auditoire, leo siandiki juu ya siasa. Naandika juu ya farasi wanaoingia baharini kuvua, na juu ya haya niliyoipata mbele ya mzee mmoja Mbelgiji ambaye hakuwa hata na nia ya kunitia haya.

Mimi ni mtoto wa Uvira, upande wa Kalundu, pale bandarini. Nilisoma histoire, nikapata licence, na baadaye bahati ikanipeleka Ubelgiji kuongeza masomo. Waliofika kule wanajua maisha ya mgeni: siku za kazi ni darasa na baridi, siku ya posho ni Matonge kutafuta pondu na sauti za kwetu. Sasa siku moja ya posho, mwezi wa sita, rafiki akaniambia: "Sha, kila siku Matonge, kila siku Matonge. Twende tuone bahari." Tukapanda treni mpaka Oostende, halafu tramu. Ile tramu inafuata pwani yote ya Ubelgiji, kilometre 67, kutoka karibu na Uholanzi mpaka karibu na Ufaransa. Tukashuka Oostduinkerke kwa sababu rafiki alisikia kwamba kuna farasi.

Kwanza nilishangaa maji. Sisi watu wa ziwa tunajua maji yanayokaa mahali pake. Tanganyika inaweza kukasirika na kupindua mtumbwi, lakini jioni utaikuta palepale ulipoiacha asubuhi. Huku bahari ilikuwa imerudi nyuma, mbali sana, ikaacha mchanga wenye maji maji. Kupwa na kujaa nilikuwa nimesoma tu katika kitabu. Na kule mbali, katika maji, nikaona watu wa rangi ya manjano wamekaa juu ya farasi, na farasi wamezama mpaka kifuani.

Ni wavuvi wa kamba, wale kamba wadogo wa rangi ya kijivu ambao Wabelgiji wanawapenda kupita kiasi. Kazi inafanyika hivi. Farasi mzito wa Brabant, kilo 800 au hata 1,000, anatembea ndani ya maji sambamba na ufuko, akivuta wavu wenye umbo la mfuko mrefu. Mbao mbili zinaufungua mdomo wa wavu pande mbili. Mbele yake kuna mnyororo unaoburuzwa juu ya mchanga, kamba wanashtuka kwa ule mtikisiko, wanaruka, wavu unawapokea. Wanaanza saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini kabisa, wanaacha saa moja na nusu baada yake. Pembeni mwa farasi kuna vikapu viwili. Mvuvi anatoka majini, anamwaga, anachagua, anarudisha wadogo baharini, anaingia tena.

Zamani namna hii ya kuvua ilikuwa pia kaskazini mwa Ufaransa, Uholanzi na kusini mwa Uingereza. Leo imebaki hapa peke yake. Mwaka wa 2013 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa binadamu, ileile orodha ambayo rumba yetu iliingia mwaka wa 2021. Wakati inaandikwa, jamaa zilizokuwa bado zinavua hivyo zilikuwa kama 12 tu. Kumi na mbili! Kalundu peke yake, usiku mmoja usio na mwezi, ungehesabu taa nyingi kuliko hizo kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kisha tukaingia makumbusho. Inaitwa NAVIGO, ni makumbusho ya taifa ya uvuvi, na haiko katika mji mkuu wala karibu na ikulu ya mfalme. Iko hapohapo kijijini. Ndani mna akwaryumu ya samaki wa Bahari ya Kaskazini, mifano ya mashua za kila namna, mashua nzima ya mbao iliyoingizwa ndani ya jengo, na nyumba ya mvuvi kama ilivyokuwa zamani, na jiko lake na vyombo vyake. Mimi nilisimama sana mbele ya hiyo nyumba, maana ni ndogo kweli. Kumbe hawa wavuvi walikuwa wakulima maskini wenye mashamba madogo kwenye mchanga, na kamba waliwaongezea kidogo juu ya viazi. Kabla ya farasi walitumia punda na nyumbu, mnyama wa mtu asiye na pesa.

Kuna pia habari ya Iceland. Wavuvi wa pwani hii walikuwa wanasafiri kwenda kule kaskazini kutafuta chewa, miezi mizima, wanamtia chumvi katika mapipa. Wengine hawakurudi. Hiyo kazi iliendelea mpaka karne ya 20 kwa meli za injini, halafu Iceland ikafunga bahari yake: mwaka wa 1975 ilipanua mpaka wake wa uvuvi kufika maili 200. Ubelgiji ilipata ruhusa ya namna yake: meli chache zilizotajwa kwa jina ziendelee, lakini ikizeeka moja, hakuna kuweka nyingine mahali pake. Yaani kazi nzima ilihesabiwa kufa meli kwa meli. Ya mwisho iliitwa Amandine, namba O.129, na ilirudi Oostende mwezi wa nne mwaka wa 1995. Baadaye nayo ikafanywa makumbusho, Oostende pale pale.

Muangalie hiyo namba: O.129. O ni Oostende. Mashua za Oostduinkerke zinaandikwa OD, za Nieuwpoort N, za Zeebrugge Z. Kitu kidogo sana, herufi na namba iliyopakwa rangi ubavuni. Lakini kwa mtu wa histoire ni mlango. Ukiwa na namba unapata daftari, ukipata daftari unapata mwenye mashua, kepiteni, mwaka ilipojengwa, mwaka ilipozama. Mtumbwi wa papa yangu haukuwa na namba. Ulijulikana kwa jina lake yeye, na tangu alipokufa sijui kama kuna mtu bado anautaja.

Sasa ile haya. Mzee mmoja alikuwa anaangalia chumba cha nyavu, ametulia kwenye kiti. Alituuliza kwa Kifaransa tunatoka wapi. Nikasema Congo, Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, na papa yangu alikuwa mvuvi. Macho yake yakafunguka! Akanisogelea. Akaniuliza: kule mnavua na nini? Nikasema katamarani, mitumbwi miwili iliyounganishwa na wavu katikati, na taa usiku. Akauliza: wavu una matundu ya ukubwa gani? Nikanyamaza. Unashuka mita ngapi? Sijui. Nani alianza kuvua hivyo, na mwaka gani, na kabla ya hapo walivua namna gani? Nikasema, nadhani zamani walitumia moto. Unadhani, akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayerudia neno ili alielewe. Mimi niliyepata distinction katika kutetea mémoire juu ya mambo ya utawala wa kikoloni, nikawa sina la kumwambia mzee juu ya kazi iliyolipa minerval yangu.

Tukiwa ndani ya tramu rafiki alicheka. Mimi sikucheka sana.

Wiki iliyofuata nikaenda Tervuren. Wengi wenu mnaijua kwa habari zake: pale mwaka wa 1897 Wakongomani 267 waliletwa kuonyeshwa mbele ya watu, na saba walikufa, makaburi yao yako kwenye kanisa la Tervuren. Makumbusho ilifungwa kwa matengenezo, ikafunguliwa upya mwezi wa 12 mwaka wa 2018. Sikwenda kwa sababu ya vinyago. Nilikwenda kutafuta wavuvi.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho njiani, chini ya ardhi, ni mtumbwi. Mtumbwi mkubwa wa mti mmoja, urefu mita 22 na nusu, umechongwa kwetu. Nilifurahi kwanza. Halafu nikasoma: huu ndio uliombeba Leopold wa Tatu alipotembelea Congo mwaka wa 1957. Kumbe hivyo. Kule Oostduinkerke mashua iko ndani ya nyumba kwa sababu ya wale waliofanya kazi juu yake. Huu wa kwetu unajulikana kwa abiria.

Kuhusu Tanganyika, Tervuren ni tajiri sana, ila utajiri wake ni samaki. Kati ya mwaka wa 1946 na 1947 wataalamu wa Ubelgiji walizunguka ziwa lote wakikusanya samaki na wadudu na kupima maji. Mmoja wao alikuwa Max Poll, mtu wa Tervuren mwenyewe, na kazi zake bado zinasomwa na kila anayechunguza samaki wetu. Kabla yao, kati ya 1911 na 1913, daktari mmoja aitwaye Louis Stappers alikuja kwa kazi kama hiyo kwenye Tanganyika na Moero. Na hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi. Yule samaki tunayemwita mukeke, ambaye ng'ambo kule Kigoma wanamwita mgebuka, samaki wa kila siku ya sherehe Uvira na Bujumbura, jina lake la kisayansi ni Lates stappersii. Mukeke wa Stappers! Daktari aliyekaa kidogo akaondoka. Sina chuki naye, alifanya kazi, na kwa desturi ya sayansi jina ni heshima. Lakini hakumvua yeye mwenyewe kila mukeke aliyewekwa ndani ya chupa. Kuna mtu aliyejua ni saa ngapi ya usiku, na ni upande gani wa maji, akamletea. Huyo hayumo.

Na si samaki peke yao wenye historia iliyoandikwa. Ziwa letu lina meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyozamishwa mwaka wa 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba huko Tanzania. Maisha yake yote yanajulikana kama ya mtakatifu. Lina zile boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokokotwa porini mpaka karibu na Kalemie mwaka wa 1915 kwa vita ileile. Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka wa 1871. Vita, wasafiri, samaki. Ukisoma hayo tu, utafikiri ziwa la kilometre 673 lilikaa tupu likingojea wageni.

Basi nikaanza kutafuta, usiku, baada ya masomo, katika ripoti za zamani za wataalamu wa uvuvi. Nawaambia niliyoyakuta, maana wengi wetu tumekula ndagala tangu utoto bila kuyajua.

Kabla ya katamarani kulikuwa lusenga. Ni wavu mkubwa wenye mpini mrefu, kama kijiko cha jitu. Watu walitoka usiku na mtumbwi, mbele yake moto wa kuni au matete unawaka, ndagala wanafuata mwanga, na mtu mmoja anachota. Kwa nini wanafuata mwanga? Kwa sababu vijidudu wanavyokula vinaufuata, na ndagala naye haachi chakula chake. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi hakuna kazi: mwanga umeenea ziwani kote, hakuna sababu ya kukusanyika chini ya moto wako. Nilipokuwa mtoto nilijua tu kwamba mwezi ukijaa papa yuko nyumbani, anashona nyavu, na sisi tunakula maharagwe.

Miaka ya 1950 mambo yalibadilika haraka. Taa za petroli za kupampu zilichukua nafasi ya moto. Wagiriki waliingia na meli za chuma na nyavu kubwa za kuzungushia samaki, upande wa Bujumbura na hata Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Na miaka hiyohiyo ikaja katamarani: mitumbwi miwili, miti juu yake, wavu mpana unaoshushwa chini ya taa na kuvutwa juu polepole. Meli za Wagiriki zilikwisha kutoweka, faida haikupatikana tena. Katamarani iko mpaka leo, taa tu ndizo zimebadilika, sasa ni za betri na jua. Yaani ile ninayoita kazi ya mababu, papa wa papa yangu aliikuta mpya.

Ndugu wa Bukavu na Goma, msicheke, nanyi mna deni. Sambaza wenu ni mtoto wa Tanganyika. Aliletwa Kivu kati ya mwaka wa 1958 na 1960. Waliomleta walitaka ndagala hasa, lakini aliyeshika ni ndugu yake, Limnothrissa. Zile mashua zenu za mitumbwi mitatu na miti mirefu kama mapembe, ambazo kila mtalii anapiga foto, hazina miaka mingi. Na nyimbo zinazoimbwa na wavuvi wakipiga kasia jioni, ni nani aliyetunga, ni lini? Mtu aliye Bukavu aende Essence au Nguba aulize, wazee wapo bado.

Rafiki mmoja wa promotion yetu, niliyemwandikia haya yote, alinijibu kwa hasira kidogo. Watu wanakimbia vita, aliandika, wewe unataka makumbusho ya nyavu? Tena makumbusho ni ya vitu vilivyokufa, sisi bado tunavua. Jibu lake lilinikaa moyoni kwa siku kadhaa, maana upande mmoja ana haki. Na mimi mwenyewe sikupenda kila kitu cha Oostduinkerke. Ile nyumba ndogo ya mvuvi imesafishwa mno. Haina harufu, haina mtoto anayekohoa. Wale wavuvi wa farasi leo wanavua mbele ya kamera, na sina hakika kwamba babu zao wangetaka kupigwa foto wakitetemeka kwa baridi. Makumbusho inaweza kupaka umaskini rangi ya manjano mpaka ukapendeza. Ila hata hivyo kijiji kimebaki na watu wanaojua kazi, na wanaifundisha: mwaka wa 2015 mwanamke wa kwanza alikubaliwa kati yao baada ya kujifunza na kupimwa. Kisangani Wagenya wetu wanafanya hivyo bila jengo lolote, wakiweka mitego yao mikubwa ndani ya maporomoko, na baba anamwonyesha mtoto mahali pa kukanyaga.

Lakini kwamba "sisi bado tunavua", hapo sikubaliani naye. Tunavua, ndiyo, ila kidogo zaidi kila mwaka. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2016, wa matope yaliyochimbwa chini ya ziwa, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya hata uvuvi mkubwa kuanza, kwa sababu maji ya juu yamepata joto na hayachanganyiki tena vizuri na ya chini yenye chakula. Mwaka wa 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane ili samaki wapumzike. Na kwetu Uvira ziwa lenyewe limepanda. Ile mafuriko ya mto Mulongwe ya mwezi wa nne mwaka wa 2020 ilikuwa ya mvua, ilichukua watu na nyumba; miaka iliyofuata ziwa likaja taratibu, likaingia katika makartie, likala fuko za kutua. Mahali ambapo mama yangu alikuwa anatandaza ndagala zikauke juu ya mchanga, jua likiwa kali, leo panapita mtumbwi. Nilimwomba ndugu yangu anipigie foto ya pale, akanitumia foto ya maji.

Kwa hiyo sikungoja jengo. Nilimpigia baba mdogo, wa mwisho katika wale waliotoka usiku na papa. Nikamwomba ruhusa ya kumrekodi.

"Kunirekodi juu ya nini? Mimi siko mwanasiasa."

"Juu ya kuvua, baba mudogo. Namna mulikuwaka munafanya."

"Haa! Ulisoma miaka yote ile, na sasa unauliza ile watoto banajua?"

"Ndiyo, baba. Sikuuliza zamani."

Alinyamaza, nikafikiri reseau imekatika. Kisha akaanza. Mpaka sasa nina saa nne na dakika kadhaa za sauti yake, kwa vipande, kwa kuwa anazungumza pale tu anapokuwa na umeme wa kuchaji simu. Nimepata ukubwa wa matundu ya wavu, anaupima kwa kidole, itabidi mtu ampelekee rula. Nimepata namna ya kugawa samaki: sehemu ya mwenye mitumbwi, sehemu ya wavu, sehemu ya mafuta ya taa, na kinachobaki ni cha wanaume waliolala macho. Nimepata habari ya usiku mmoja ambapo yeye na papa walisukumwa na upepo mpaka upande wa Burundi, wakalala kwa watu wasiowajua, wakalishwa, na asubuhi wakarudi na mzigo wao wote.

Majina ya pepo bado sijayaandika. Baba mdogo ana yake, na mzee mwenzake aliyekuwa amekaa pembeni alimkatiza kwa sauti kubwa, akisema ule upepo unaotoka upande wa Ubwari hauitwi hivyo, haujaitwa hivyo hata siku moja. Walibishana mpaka betri ikaisha. Ninyi wa Baraka, wa Fizi na wa Kalemie mnaosoma hapa, kama mna mzee nyumbani, mumuulize ninyi pia, kisha muniandikie alivyosema.